Mkataba wa Mwikali

Jumapili, 7 Februari 2016, Riyadh

Shule, kisha vyombo. Zamu yangu hadi Alhamisi. Mama kalala, kichwa kinamuuma tena.

Mwikali alikuwa ameshaanza kusugua huko chini. Jiko letu liko ghorofa ya tatu, lao ya kwanza, na madirisha yote mawili yanatazama shimo moja la hewa linalopita katikati ya jengo. Ukikohoa kwenu, wa chini anajua. Hivyo ndivyo tulivyojuana, mwaka jana, kwa kukohoa. Nilisikia mtu akijisemea Kiswahili nikadhani ninaota.

Anatoka Kitui, Kenya. Ni mfanyakazi wa Um Fahd, mke wa mwenye jengo. Um Fahd anamwita Mariam kwa sababu jina Mwikali ni gumu kutamka. Miaka yake miwili inakwisha tarehe 20 Aprili. Mtoto wake, Kioko, ameanza darasa la kwanza bila yeye. Hilo ndilo jambo pekee analolisema bila mzaha.

Mengine yote ni mzaha. Leo alikuwa anapiga sufuria kwa kijiko na kughani:

Niite Mariam, nitaitika,
Mwikali yuko ndani, amejificha.
Sugua, sugua, sufuria iwake,
siku ya ndege kila mtu na lake.

Nilifunga bomba ili nisikie vizuri. Nikamwambia arudie.

"We Mwalimu, hii si ya shule," akasema. "Hii ni kiburi ya mtu ameshika waya ya kusugua."

Ananiita Mwalimu kwa sababu ya vitabu. Namteremshia kwa kamba, ndani ya mfuko wa nguo. Anavirudisha vina harufu ya vitunguu, na maoni yake. Cha mwisho alisema mhusika mkuu anahitaji kazi.

Alirudia. Nilirekodi kwa simu. Sikumwambia.

Jumanne, 9 Februari

Mwalimu wa Kiingereza anataka kila mmoja asimame mbele ya darasa azungumzie mtu aliyejijenga mwenyewe. Wasichana wote wamechagua madaktari. Mimi, kusimama mbele ya watu ni sawa na kuumwa. Nikasema nitamzungumzia Mmarekani wa kaka yangu Hamad, yule mwanamuziki. Sijui kwa nini. Labda kwa sababu kitabu chake kipo nyumbani na nimeshakisoma mara mbili.

Kwa ufupi. Kazaliwa kwenye maghorofa ambayo lifti zake hazijawahi kufanya kazi. Akawa anarap. Aliuza kanda kutoka kwenye buti ya gari la mjomba wake. Kampuni zilimkataa, akaanzisha yake. Akawasaini wasanii wengine. Mwishowe akaacha kurap kabisa, akabaki na kusaini. Anasema sauti huchoka, lakini karatasi iliyosainiwa inaendelea kufanya kazi wewe ukiwa umelala. Hamad kaipigia mstari sentensi hiyo kwa kalamu nyekundu.

Mimi nimepigia mstari ukurasa mwingine. Wimbo wake wa kwanza uliompa jina, kiitikio kaimba mwanamke wa mtaani kwao, mwimba kwaya. Hapakuwa na karatasi. Jina lake halikuwekwa kwenye jalada. Anasimulia hayo kama kichekesho. Mwanamke anajisikia redioni yumo dukani ananunua maziwa.

Sikucheka.

Ijumaa, 12 Februari

Baba na Mama wamekwenda kumtembelea mgonjwa. Hamad alikuwa kabatini.

Kabati ndilo studio yake. Kalitundikia mablanketi kila upande, ana maikrofoni na kompyuta ya Baba. Ana miaka kumi na tisa, shule kamaliza, na ikama yake, kibali cha kuishi hapa, imeandikwa kwamba haruhusiwi kufanya kazi. Kwa hiyo anarap. Ana sauti nzuri na hana la kusema. La kusema namwandikia mimi. Hilo halijui mtu.

Leo nilimsikilizisha rekodi ya Mwikali. Niandike ukweli: nilitaka anisifu. Alisikiliza mara nne. Akatoka kabatini jasho linamtiririka.

"Bi Vitabu, umetoa wapi dhahabu hii?"

Nilifurahi mpaka nikaona haya.

Jumamosi, 13 Februari

Nimemwambia Hamad hatumii sauti ya Mwikali bila mkataba. Wa maandishi. Jina lake kamili. Nilimsomea ule ukurasa wa mwanamke na maziwa.

Alicheka kwanza. Kisha nikamwona macho yanabadilika. "Mkataba," akasema. "Sawa kabisa. Yeye ndiye msanii. Basi mimi ni nani? Mimi ndiye mwenye kampuni." Mmarekani ilimchukua miaka kumi kuacha kurap. Hamad ilimchukua dakika tano.

Nimeandika mwenyewe, kwa mkono, mchana kutwa. Sijawahi kuandika kitu kwa uangalifu kama huu. Kifungu cha kwanza: msanii ataifanyia kampuni kazi ya sauti. Cha pili: sauti ni mali yake, na jina lake litatajwa kila wimbo unapotajwa. Cha tatu: kampuni haitamwita kwa jina lisilo lake. Cha nne: atafanya kazi hii kwa muda anaoupata yeye, na hakuna atakayemlazimisha.

Hamad alitaka kuondoa cha pili. Nilikataa. Mara ya kwanza maishani nimemkatalia Hamad kitu.

Jumatano, 17 Februari

Hamad anasema nchi hii karatasi isiyo na muhuri ni ya kufungia bajia za tamiya. Kweli. Nimemwona Baba akirudishwa mara tatu kwa sababu ya muhuri. Akaenda mtaa wa Manfuha kwa fundi wa mihuri asiyeuliza maswali. Kaja na muhuri wa duara, mzuri, maandishi ya Kiarabu yanazunguka: Taasisi ya Sauti ya Juu kwa Kazi za Kisanii. Nusu saa tuligonga kila kitu. Magazeti, mkono wangu, paji la uso la Hamad.

Alasiri niliteremsha mfuko. Nakala mbili, kalamu, kibati cha wino.

Mwikali alisoma kwa sauti, kifungu kwa kifungu. Kwenye cha tatu alicheka mpaka akapaliwa. Halafu nikasikia bomba likifungwa. Nikadhani Um Fahd kaingia.

"Mwalimu," akasema, "unajua hata kwa ikama waliandika vile walisikia tu? Hii ni karatasi ya kwanza huku iko na jina yangu sawasawa."

Akasaini. Akaweka na dole gumba, maana ndivyo wanavyofanya ofisini. Nakala yake kasema ataiweka ndani ya foronya, ailalie.

Hamad alimrekodi kwa kuteremsha simu ndani ya soksi. Kaimba mara mbili. Ya pili, sufuria inasikika.

Alhamisi, 25 Februari

Wimbo umetoka. Hamad kautuma kwenye makundi ya Watanzania, ya Wakenya, ya Jeddah, kila pahali. Kufika magharibi tayari umemrudia kutoka kwa mtu asiyemjua. Anatembea nyumbani mikono nyuma kama bosi.

Jina la Mwikali halipo. Nimeuliza. Kasema ni kwa usalama wake. Nimemwonesha kifungu cha pili. Kasema mimi ni mtoto, biashara siijui. Kwa kweli niliona ana hoja.

Mwikali hakujali. Ameupata kwenye simu yake na anamchezea Lulwa, binti mdogo wa Um Fahd, miaka mitano. Lulwa analala kitanda kimoja na Mwikali tangu alipofika. Nimewasikia wote wawili jikoni. Lulwa anaimba "sugua, sugua" kwa lafudhi ya Kitui.

Jumapili, 28 Februari

Nimekutana na Lulwa ngazini na mama yake. Anaruka kila daraja kwa mapigo. Niite Mariam, nitaitika. Um Fahd akamuuliza, kwa kutabasamu, nani kakufundisha. Lulwa akasema, "Mariam. Mariam yumo kwenye simu."

Nilipita na begi langu. Nilijisikia maarufu.

Jumatatu, 29 Februari

Hakuna sauti chini. Hata chombo kimoja.

Nimekohoa. Nimekohoa tena.

Jumatano, 2 Machi

Niandike kwa mpangilio.

Um Fahd alichukua simu ya Mwikali, akasikiliza wimbo. Maneno hakuyaelewa, sauti aliijua. Akapekua chumba. Kwenye foronya akaikuta karatasi. Kiswahili hakijui. Muhuri aliusoma. Taasisi. Kazi. Saini na dole gumba. Hapa mtu aliyeletwa na kafili mmoja, yaani mdhamini wake, akionekana anafanya kazi kwa mwingine ni kosa kubwa. Polisi, kituo cha kuwarudisha watu makwao, alama za vidole, basi.

Siku mbili walimuuliza karatasi katoa wapi. Hakusema.

Leo Abu Fahd, mumewe, kampigia Baba simu. Kasema: binti yako anajua Kiarabu vizuri, na hii lugha ni yenu, naomba aje atusomee. Akatuma picha ya karatasi. Baba akaitazama, akatazama mwandiko, akanitazama mimi. Hamad akaanza kulia kabla hajaulizwa.

Kafili wa Baba pale zahanati anakofanya kazi ni kaka yake Abu Fahd. Hilo sikuwahi kulifikiria hata mara moja wakati naandika vifungu vyangu.

Ngazini Baba aliniambia kwa sauti ya chini sana. "Utasoma kilichoandikwa. Hutasema aliyeandika. Umenisikia, mwanangu? Sote wanne tuko kwenye karatasi moja." Mkono wake ulikuwa baridi.

Baba alibaki na Abu Fahd ukumbi wa wanaume. Mimi nikaingia ndani kwa Um Fahd. Kanikaribisha vizuri. Kanibusu mashavuni. Mwikali alikuwa amesimama karibu na mlango. Ndiyo mara ya kwanza namwona sehemu yenye mwanga. Ni mfupi kuliko nilivyodhani. Jicho moja limevimba. Lulwa alikuwa anavuta sketi yake, anataka abebwe, na yeye mikono kaifunga nyuma.

Nikapewa karatasi. Mwandiko wangu. Zile herufi zangu nadhifu za kipumbavu.

Ningeweza kusema ni mchezo. Sisi ni watoto, muhuri ni wa uongo, tazama, nimeandika mimi. Sentensi tatu. Kiarabu chake nilikuwa nacho tayari mdomoni, hata irabu za mwisho nilikuwa nazo.

Mwikali akasema kwa Kiswahili, taratibu, bila kunitazama: "Soma tu, Mwalimu. Soma vizuri."

Nikasoma. Nikatafsiri. Sikuongopa hata neno moja. Msanii ataifanyia kampuni kazi ya sauti. Um Fahd akapiga paja lake: "Kazi. Nilisema." Kifungu cha pili. Cha tatu nilikwama, nikarudia: kampuni haitamwita kwa jina lisilo lake.

Um Fahd alicheka. Kicheko cha kweli, cha mtu aliyefurahishwa. "Jina? Mimi nimempa jina la heshima. Jina la mama yake Nabii Isa. Sivyo, Mariam?"

"Ndiyo, madam," akasema Mwikali.

Akaulizwa mara ya mwisho ni nani hao. Akatazama sakafu. Nami nikatazama sakafu. Ni marumaru ya rangi ya maziwa, ina mishipa ya kijivu. Ninaweza kuichora.

Um Fahd alinishika kidevu. Akasema mashallah, Kiarabu chako kizuri kuliko cha wanangu. Akanipa boksi la chokoleti lenye utepe.

Nilisema shukrani. Nimeandika kwamba nilisema shukrani.

Ijumaa, 4 Machi

Um Fahd amemsamehe. Ndivyo anavyosema, na kila mwanamke wa jengo hili anamsifu kwa moyo wake. Hatampeleka polisi. Atampeleka Jeddah kwa mama yake mzazi, ambaye hatoki kitandani. Miaka miwili mingine. Simu hapana, mpaka tabia yake ionekane. Ama hivyo, ama kituo na alama za vidole na asikanyage tena nchi yoyote ya Ghuba. Kapewa achague. Wanasema kachagua mwenyewe.

Walimtoa baada ya swala ya Ijumaa. Niliona toka dirisha la mbele. Begi moja. Lulwa alipiga mayowe mpaka mtaa wote ukasikia. Wakamrudisha ndani kwa kumbeba miguu na mikono.

Mwikali hakutazama juu.

Mama kafungua chokoleti. Kasema zitaharibika.

Jumapili, 6 Machi

Baba kauvunja muhuri kwa nyundo, kwenye bafu, kisha akaosha bafu. Kompyuta kaichukua. Hakunipiga. Hakumpiga Hamad. Kasema tu kwamba tumpe nafasi asali.

Hamad kachomoa mablanketi kabatini. Lakini wimbo unaendelea kutembea, na anajua. Chakula cha mchana alininong'oneza kwamba hadithi kama hii, huko Amerika, ndiyo inayouza. Msanii aliyefungiwa. Alisema hivyo mdomo umejaa wali. Halafu akaona uso wangu. "Sisemi ni vizuri. Nasema ndivyo biashara ilivyo."

Ninamchukia. Nimeandika na nimekisoma nilichoandika, na bado. Lakini yeye hakuandika mkataba. Yeye alitaka kuchukua sauti tu, bila karatasi. Angeichukua hivyo, leo Mwikali angekuwa jikoni.

Jumanne, 8 Machi

Nimesimama mbele ya darasa. Mmarekani wa Hamad, dakika saba. Maghorofa, kanda, buti ya gari, kampuni. Sikutetemeka. Kitu kimekufa mahali ambapo huwa ninatetemekea.

Nilipofika kwa mwanamke wa kiitikio, mwalimu akauliza jina lake. Nikasema halijulikani. Kitabu hakikulitaja.

Alama za juu kabisa darasani. Mwalimu kasema sasa nimepata sauti yangu.

Jumanne, 22 Machi, Jeddah

Likizo. Umra tumemaliza juzi. Tumefikia kwa Ami Salim hapa Sharafiya, juu ya duka la simu. Huko Makka niliomba nisamehewe, na wakati huohuo nikawa najua ninayemwomba siye niliyemkosea peke yake.

Asubuhi duka la chini limeuweka ule wimbo kwenye spika. Dada wawili wa Kikenya wamesimama nje wanaitikia. Sugua, sugua. Mmoja kamwambia mwenzake, "Huyu ni msichana wa Dar, ako na studio kubwa." Mwenzake: "Wacha. Hii sauti ni ya mtu anaosha vyombo kweli kweli."

Sikuwaambia kitu. Kumbe nimekuwa hodari kwa hilo.

Alhamisi, 24 Machi, Jeddah

Abu Fahd alimpa Baba kifurushi cha dawa akiwasilishe kwa mama mkwe wake. Baba hakuweza kukataa. Ilipangwa abaki garini na mimi nikabidhi mlangoni, kwa sababu ni nyumba ya wanawake.

Nilijiandaa njia nzima. Nilipanga maneno kama wasilisho la shule. Samahani, kisha sababu, kisha nitakachofanya. Kitakachofanywa hakikuwepo, lakini nilikiachia nafasi.

Mlango kaufungua yeye. Kavaa sare ya bluu, imemzidi. Mikono imepauka kwa dawa ya kusafishia. Kutoka ndani sauti ya mzee inaita Mariam, Mariam, bila kupumua, kama saa.

"Mwikali," nikasema.

Kapokea kifurushi. Kahesabu vichupa vya dawa kwanza. Halafu kanitazama vizuri, kwa mara ya kwanza tangu tujuane, na uso wake haukuwa na hasira. Ningependa ungekuwa na hasira.

"Siku mbili nilinyamaza," akasema. "Si ati nilikuwa naogopa. Nilijua utakuja. Nikasema huyu ni mtu wa vitabu, akikuja atasema."

Nilifungua mdomo.

"Ukakuja," akasema. "Ukasoma vizuri sana."

Mzee akaita tena. Kageuza kichwa, kajibu kwa Kiarabu kwamba anakuja. Nikasema jina lake mara ya pili, sijui nilitaka nini.

"Hapa mafi Mwikali. Hayuko," akasema. Akafunga mlango kwa upole, kama mtu anayechelea kuamsha mgonjwa.

Garini Baba aliuliza kama wamepokea. Nikasema wamepokea.

Jumatano, 20 Aprili, Riyadh

Shule. Kisha vyombo.

Leo ndiyo ile tarehe ya Mwikali kurudi kwao. Hakuna aliyeitaja, wala hakuna wa kuitaja. Kioko labda hawajamweleza, au wamemweleza. Sijui nyumba yao ina mlango wa rangi gani.

Um Fahd kapata mfanyakazi mpya. Mwindonesia. Anaitwa Mariam.

Nilipofungua bomba nilimsikia. Anaimba kwa lugha yake, taratibu, huku anasugua. Alipomaliza ubeti akakohoa. Akangoja. Akakohoa tena.

Kamba bado ilikuwa imefungwa kwenye nondo ya dirisha. Nimeikata kwa kisu cha mkate. Kisha nimefunga dirisha.